NANI ATAKALIA KITI CHA PREZIDA WA HOSPITALI?

Mwezi huu nina habari moja ya kukuambia. Inanihukumu mimi kwanza. Ukifika mwisho utaona kama inakuhusu na wewe.

Mwaka 2022 mtoto mmoja alikuja mbio nyumbani kwangu, akasema: "Pastere, mama anasema ukuye ku lopitali, bamemufunga." Nilidhani ni mambo ya polisi. Nilivaa koti nikaenda. Kumbe mama yake alikuwa amezaa kwa kupasuliwa. Yeye na kitoto walikuwa wamepona vizuri, lakini fakture haikulipwa. Bwana wake alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Manguredjipa, na njia ya kumfikia ilikuwa imefungwa na vita. Basi mama alikuwa anaanza juma la tatu katika chumba kimoja pamoja na wazazi wengine wanne, mlinzi akikaa mlangoni. Na kitanda nacho kinalipiwa. Kila siku aliyokaa pale juu ya deni, deni lilizidi.

Jina la hospitali ile sitalitaja. Ni ya serikali, iko katika sehemu zetu hizi za Butembo na Beni, na hayo hayafanyiki pale peke yake. Nilimwendea muuguzi mkubwa nikamuuliza kwa sauti kali: "Nani anaweza kuamua huyu mama arudi kwake?" Akajibu: "Ni komite, Pastere." Nikauliza: "Na nani iko prezida wa komite?" Akanitazama, akacheka kidogo, akasema: "Pastere, si weye uko mu komite?"

Ndugu msomaji, ilikuwa kweli. Nilikuwa mjumbe wa komite ile miaka mitatu, kwa upande wa makanisa. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ukutani, nyuma yangu. Prezida wetu, mzee aliyeheshimiwa sana, alikuwa amefariki, na tangu maziko yake hatukukutana hata mara moja, zaidi ya mwaka mzima. Kila mjumbe alingojea mwingine aite mkutano. Mimi nilikuwa na mahubiri, na arusi, na maziko. Sikujua kwamba kile kiti kitupu kilikuwa kinawafunga watu.

Jumapili ile tulikusanya matoleo, tukalipa, mama akatoka na mtoto wake. Washiriki wakapiga vigelegele. Lakini mimi niliporudi kuchukua kikapu chake niliwaona wale wanne wengine wakinitazama. Hawakusema neno. Tulikuwa tumemtoa mmoja wetu na kuwaacha wanne wa wengine.

KITI HIKI KILITOKA WAPI?

Wazee wetu walizoea hospitali za misioni. Kule Oicha, tangu miaka ya 1930, munganga Carl Becker wa Africa Inland Mission alitibu maelfu ya watu, wakoma na wengine. Wakati ule mwananchi hakuulizwa nani asimamie. Misioni iliamua, na dawa zilitoka ng'ambo. Tulijifunza kushukuru. Kuuliza hatukujifunza.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika mambo ya afya yao. Mwaka 1987, kule Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali mpango ambao mgonjwa anachangia feza kidogo, na wakaaji wenyewe wanashiriki kuisimamia ile feza. Katika miaka ileile ya 1980, inchi yetu, ikiitwa bado Zaïre, iligawanywa kwa zoni za afya 306, kila moja na hospitali yake kubwa. Makanisa mengi yalipewa kusaidia kuongoza zoni hizo. Leo mji wa Butembo peke yake una zoni mbili, Butembo na Katwa.

Angalia vizuri, msomaji. Ule mpango ulikuwa na miguu miwili: mwananchi alipe, na mwananchi asimamie. Mguu wa kwanza tunao. Kila mtu aliyeingia hospitali anaujua. Mguu wa pili ndio umelegea, na mtu wa mguu mmoja hafiki mbali.

Prezida wa komite hatibu mgonjwa. Haandiki dawa, hashiki funguo za kasha, haajiri mtoto wa shangazi yake. Kazi hizo ni za munganga mkubwa na watu wake. Yeye anaita mkutano, anauliza feza iliyoingia ilikwenda wapi, anasikia kilio cha mgonjwa na cha mtumikaji asiyelipwa, na anahakikisha kwamba lililoamuliwa limefanyika. Hata sheria ya inchi yetu ya Julai 2008 juu ya mashirika ya serikali inatenga watu wa namna tatu: wanaosimamia, wanaotenda, na wanaokagua hesabu. Mtu mmoja akizishika zote tatu, nani atamwambia amekosa?

TULIYOYAONA WAKATI WA EBOLA

Pengine utasema: "Pastere, hayo ni maneno ya biro." Basi tukumbushane. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Ilipokwisha, Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Dawa ya chanjo ilikuwako. Waganga walikuwako. Feza ilikuja nyingi kuliko tulivyowahi kuona. Kilichokosekana ni imani ya watu.

Wewe uliyekuwa hapa unakumbuka. Mnamo Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa kwa Beni na Butembo, na ugonjwa ukatajwa kuwa sababu mojawapo. Watu wakasema Ebola ni siasa. Magari mapya yakapita barabarani huku muuguzi wa kituo cha afya hajalipwa. Watu wakasema Ebola ni biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili munganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali hapa Butembo. Na Machi 2020 mahakama kule Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa afya miaka 5 juu ya feza za Ebola.

Mimi nilizika washiriki waliokataa kwenda hospitali mpaka wakachelewa. Nikiwauliza jamaa zao, hawakuniambia hawaamini dawa. Waliniambia: "Hatujue benye kuongoza kule." Imani katika hospitali haijengwi siku ugonjwa unaingia. Inajengwa mbele, na mtu ambaye jirani zake wanamjua na wanaweza kumwuliza.

MAJINA MATATU YA KWANZA

Baada ya habari ya yule mama niliita wajumbe waliobaki. Mkubwa wa zoni ya afya alitukubalia tutafute prezida mpya, kisha tumpelekee jina. Tulikaa watano kwenye benchi la kanisa. Kwa dakika kumi tukawa na majina matatu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

La kwanza lilikuwa la mnunuzi mmoja wa dhahabu, mtu mkarimu kweli. Alikuwa amekwisha kututumia neno: "Mukinipa kile kiti, juma ya kesho jeneratere iko pale." Hospitali haikuwa na moto usiku. La pili lilikuwa la ndugu wa mkubwa mmoja, ili mkubwa asikasirike. La tatu lilikuwa langu mimi, "sababu Pastere haibake."

Niliomba tuandike kwanza kazi yenyewe kwenye karatasi, kisha tutafute mtu anayeifaa. Nilijifunza hivyo kwa kusoma namna wengine wanavyofanya. Kule Uingereza, hospitali za serikali zilipoanza kuwekewa mabaraza yao mwaka 1991, ilichukua muda kufikia njia wazi. Lakini baadaye nafasi ya mwenyekiti ilitangazwa, aliyetaka akaandika barua, akaitwa na kuulizwa maswali. Kutoka 2004 hospitali kadhaa zilipewa hata wajumbe waliochaguliwa na wagonjwa na wakaaji, na hao ndio waliomteua mwenyekiti. Sisi hatuna feza yao, lakini karatasi na bik tunazo.

Tuliandika hivi: ajue kusoma hesabu, asiwe na jamaa anayelipwa na hospitali, wala asiiuzie kitu, akae karibu ili afike, akubali muda wake uwe na mwisho, na aweze kumwambia mkubwa "hapana" bila kutukana. Tangazo lilisomwa makanisani, kwenye msikiti, sokoni na kwenye radio. Yalikuja majina sita. Wote sita tuliwauliza maswali yaleyale, na kwa kila mmoja tulikwenda kuuliza majirani wawili.

MTU ALIYETUULIZA SISI

Wa tano alikuwa mama mjane, mwalimu wa zamani, aliyeshika miaka mingi buku ya akiba ya akina mama wa soko. Tulipomwuliza kwa nini anataka kazi hii, hakujibu. Alisema: "Mbele nijibu, munionyeshe buku ya feza ya miezi tatu ya nyuma."

Tulitazamana. Mmoja akaenda kutafuta. Akarudi na daftari la mwezi mmoja, kurasa zingine zimekatwa. Yule mama akalifunga polepole, akaliweka juu ya meza. "Basi kazi ya kwanza iko pale," akasema.

Tulimchagua. Wakubwa wa afya wakakubali jina lake. Sitaki kukudanganya kwamba siku ileile yote yakawa mazuri. Mnunuzi wa dhahabu alikasirika na jeneratere haikuja. Baada ya mwezi mmoja mwanamke alipasuliwa usiku kwa mwanga wa simu tatu. Alipona, Mungu asifiwe, lakini watu wa kartie walikuja kwangu: "Munaona sasa? Mulikataa moto juu ya kiburi yenu." Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kama tulikuwa tumechagua haki kwa gharama ya mwili wa mtu mwingine.

Asubuhi nilimwendea prezida wetu mpya nikamwambia mawazo yangu. Akanijibu: "Pastere, yule aliye na kiti kwa kuleta jeneratere, siku akiikasirikia komite atairudisha kwake. Na siku ile tutamwambia nini?" Alimwandikia mtu yule barua ya heshima, akimwomba atoe bila kiti. Hakujibiwa. Akaendelea kuhesabu. Kila mwisho wa mwezi feza iliyoingia na iliyotoka iliandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani, pale majina yetu yalipokuwa. Mwezi wa nane, kwa feza ya hospitali yenyewe, tulinunua betri na bamba la jua kwa chumba cha upasuaji.

Na wale akina mama? Komite ilikata neno: aliyepona asizuiliwe. Anaandika karatasi ya deni mbele ya shahidi, kisha anarudi kwake. Wengine wamekimbia na deni, siwezi kuficha. Wengine wanalipa pole pole, hata kwa maharagi. Chumba kile sasa kina vitanda vya watoto.

KWAKO WEWE UNAYESOMA

Yetro alipomwona Musa amechoka, hakumshauri atafute matajiri wa kumsaidia. Katika sifa alizotaja, mojawapo ni kuchukia rushwa (Kutoka 18:21). Na mitume, watu walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika kugawa chakula, hawakusema hayo ni mambo madogo. Waliita watu, wakaweka sifa, watu wakachagua (Matendo 6). Nilikuwa nimehubiri maneno hayo mara nyingi, nami jina langu likining'inia ukutani bure.

Wewe baba wa machimbo, unapotoa mchango wa kituo cha afya, uliza nani anauandika. Wewe mama, usiseme komite ni ya wanaume. Nanyi vijana mliosoma hesabu, msingoje mvi ndipo mfike kwenye mkutano wa afya wa kartie yenu. Na kama wewe ni mjumbe wa komite yoyote, fanya kama nilivyopaswa kufanya mimi: kumbuka tarehe ya mkutano wa mwisho. Kama huikumbuki, kuna mtu mahali fulani anayelipia usahaulifu wako.

MAZUNGUMZO YA JAMAA

1. Je, tunamjua prezida wa komite ya afya ya hapa kwetu? Nani alimchagua, na muda wake unaisha lini?
2. Mtu tajiri akiahidi zawadi ili apewe kiti, tutamjibu namna gani bila kumtukana?
3. Kuna mgonjwa tunayemjua ambaye amepona lakini hajaruhusiwa kurudi kwake? Nani kati yetu atakwenda kumwona juma hili?

Bwana awalinde, na awarudishe salama wote walio njiani.