Ngoma Katika Waya wa Chuma

Kila tunapozungumza na vijana juu ya utamaduni wa taifa, swali moja halikosi kuzuka: je, ngoma na mtambo vyaweza kukaa nyumba moja? Wako wazee wanaoamini kwamba ngoma ikishatiwa mashineni imekufa. Vijana nao wengi hudhani kwamba muziki wa mitambo asili yake ni Ulaya na Marekani, na kwamba sisi ni waazimaji tu. Sisi tunaofundisha tumeyasikia yote mawili, na tumeona kuwa jibu zuri ni maisha ya Mwafrika mmoja, Halim El-Dabh wa Misri.

El-Dabh alizaliwa Cairo tarehe 4 Machi 1921, akasomea kilimo. Mwaka 1944 aliazima katika kituo cha redio kinasa sauti cha siku zile, kilichohifadhi sauti katika waya mwembamba wa chuma. Akaenda nacho kwenye zar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Msomaji wa pwani hana haja ya maelezo marefu. Kwetu pia pepo hupungwa kwa ngoma, na sisi tuliokulia huko twakumbuka milio ile ikivuka kuta usiku, nasi watoto tumeamriwa kulala.

Mkusanyaji wa kawaida angeuweka waya ule kabatini. El-Dabh aliurudisha studio, akaipiga sauti ile katika chumba chenye kuta za kusogezwa, akaongeza na kupunguza mwangwi, akairekodi upya. Aliondoa milio mizito ya msingi, akabakiza zile sauti nyembamba za juu ambazo sikio huzipita bila kuzitambua. Kazi hiyo ilisikilizwa na watu katika jumba la sanaa la Cairo mwaka huohuo. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwanzilishi wa muziki wa namna hiyo, alitoa kazi zake za kwanza mwaka 1948.

Mwaka 1950 El-Dabh alikwenda Marekani kusoma. Mwaka 1958 muziki wake ulichezwa katika *Clytemnestra*, mchezo wa dansi wa Martha Graham. Kisha, katika kituo cha muziki wa elektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, alitunga kwa kanda za sumaku kazi iliyotokana na kisa cha Laila na Majnuni.

Lakini kwetu sisi sehemu yenye mafunzo zaidi ni ile ya Addis Ababa. Alifundisha huko kuanzia mwaka 1962, mwaka uleule ambao Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni ili yatafutwe yaliyo mema katika mila za makabila yetu yote. Mwaka 1963 El-Dabh aliasisi Orchestra Ethiopia, akawakalisha pamoja wapigaji wa masenqo, krar na washint waliotoka sehemu mbalimbali za nchi. Bingwa wa mitambo hakuona haya kuketi na wapiga zeze na filimbi. Tangu mwaka 1969 alifundisha Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, na alifariki tarehe 2 Septemba 2017, akiwa na umri wa miaka 96.

Hata hivyo lipo deni lisilofaa kusahauliwa. Zar ni tiba. Anayeibeba sauti yake katika waya humwacha nyuma mgonjwa, mganga na jamaa waliokusanyika. Kwa hiyo si haki kuichezea ngoma kabla ya kujua ni ya nani, huchezwa lini, na kwa haja gani. El-Dabh alikuwa amezisikiliza ngoma za vijiji vya Misri kabla ya kushika kile kinasa sauti.

Leo mwanafunzi mwenye simu mfukoni ana kinasa sauti bora kuliko kile cha Cairo. Tumtume kwanza kwa bibi na babu, akajifunze ngoma kwa mikono na miguu yake na kuomba ruhusa ya kuinasa. Akishaijua hivyo, mwacheni aikate, aigeuze na kuiunganisha atakavyo. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Na anayeijua mila hata kuweza kuitungia sauti mpya hajaiacha.