Chini ya Kifuniko

Mwaka 2013 Carama, jijini Bujumbura, ilikuwa bado mtaa unaojengwa: viwanja vilivyopimwa kwa kamba, kuta za matofali zisizo na paa, na mvua ya Machi iliyogeuza kila njia kuwa tope. Kanisa letu lilikuwa turubai juu ya nguzo za mikaratusi, spika mbili na jenereta ya kukodi. Mchungaji tulimwita Baba, ingawa mama yangu alimzidi umri.

Neno lililotawala pale lilikuwa kifuniko. Muumini asiye na mtumishi wa kumfunika, tulifundishwa, ni chungu kilichoachwa wazi usiku. Basi hakuna aliyenunua kiwanja, aliyeposa wala aliyesafiri kabla ya kwenda kuomba baraka, na sote tulijua kwamba mtu hunyimwa baraka pia. Andiko lake lilikuwa Waebrania 13:17, nusu ya kwanza. Nusu ya pili, inayosema viongozi nao watatoa hesabu, niliikuta siku nilipoisoma mwenyewe.

Alhamisi moja simu ikaja kutoka Rumonge: mjomba amefariki, anazikwa kesho. Mama alifunga biashara yake ya ndagala sokoni Kinama, akavaa kitenge kizuri, akapitia kanisani. Tulikuwa katikati ya mfungo wa siku saba. Baba hakumkatalia. Alisema tu, "Mama, subiri tumalize." Mama akarudi nyumbani, akavua kitenge, akakikunja, akakaa mkekani. Mjomba akazikwa.

Wiki hiyohiyo redio zilikuwa zikizungumza habari moja tu. Huko Businziya, mkoani Kayanza, polisi waliwafyatulia risasi mahujaji wa Eusébie Ngendakumana, yule Zebiya aliyesema anatokewa na Bikira Maria. Watu tisa walikufa. Kanisa Katoliki lilikuwa limeikataa mikusanyiko yao. Jumapili Baba akaifanya mahubiri: huo ndio mwisho wa wasiomtii askofu wao. Tukasema amina. (Siku nyingine angetuambia huyo askofu mwenyewe hajaokoka.)

Njiani, akivuka dimbwi huku ameshika viatu mkononi, Mama alisema maneno yake ya kwanza tangu Alhamisi: "Wale nao walikuwa wanatii."

Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini baadaye wafuasi wengi wa Zebiya waliihama nchi kwenda Kongo, na mwaka 2017 huko Kamanyola wanajeshi wa Kongo wakaua zaidi ya 30 kati ya wakimbizi Warundi. Waliosalia walivuka kwenda Rwanda, kisha 2018 wakarudishwa nyumbani. Mtu asiyejua kutii hafiki mbali hivyo. Walichokuwa wamekataa ni kutii pale walipoelekezwa.

Wala Baba hakuwa mtu mbaya. Carama na Kinama zilijaa wajane wa vita, na mtu anayekuja kubisha hodi ukikosa ibada mbili, anayelala hospitalini na mtoto wako mwenye malaria, si wa kubezwa. Mama alijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Wiki iliyofuata mazishi alipanda basi la Rumonge bila kuaga kanisani. Alirudi na dumu la mawese, akajaza chupa moja, akanituma nimpelekee Baba. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akauliza Mama alisafiri lini.

"Jumatatu," nikamjibu.

Akaniambia nimshukuru.