Watu wa Kiswahili

Ndugu msomaji, mwezi uliopita alinitembelea binti niliyemfundisha Kiswahili kwa miaka minne, ambaye sasa yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda. Alinisimulia jinsi alivyonyang'anywa simu na mkoba saa tatu usiku, akitoka maktabani kurudi bwenini. Nikamuuliza kama aliripoti, maana lango lenye askari wa bunduki halikuwa mbali. Akaniambia kwamba alizunguka njia ya nyuma ili wasimwone. "Mwalimu, wale ni watu wa Kiswahili," akasema, kisha akaona haya kwa kukumbuka anazungumza na nani.

Huenda wewe unayenisoma ukiwa Dodoma au Mombasa usilielewe neno hilo upesi. Kwetu, Kiswahili kiliwafikia wengi kupitia kambini. Kilikuwa lugha ya amri katika King's African Rifles, na zama za Idi Amin watu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mimi hutumia muhula mzima wa kwanza kuwashawishi wanafunzi kwamba lugha hii ina salamu, ina utani, ina mashairi ya mapenzi. Kisha wanakwenda chuoni, na bunduki langoni inawafundisha somo la zamani.

Hofu ya binti huyu haikuzuka hewani. Agosti 1976 wanajeshi wa Amin walivamia Chuo Kikuu cha Makerere na kuwapiga wanafunzi. Desemba 1990, chini ya serikali nyingine kabisa, polisi waliwaua kwa risasi wanafunzi wawili wa chuo hicho hicho wakati wa mgomo. Oktoba 2019 wanafunzi walipopinga nyongeza ya ada ya asilimia 15, wanajeshi waliingia hadi mabwenini, likiwemo Lumumba Hall, wakavunja milango na kuwapiga vijana waliowakuta vyumbani. Mlango wa chumba cha kulala, ndugu msomaji, ndipo mahali pa mwisho pa mtu kukimbilia.

Nawaomba wasomaji wangu wa Uganda waifungue Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 212 inawapa polisi kazi ya kulinda maisha na mali, kudumisha sheria na utulivu, na kuzuia uhalifu. Ibara ya 209 inalipa jeshi kazi ya kulinda mamlaka na mipaka ya nchi, na kushirikiana na mamlaka za kiraia katika dharura na maafa. Ibara ya 221 inawataka wote kuheshimu haki za binadamu wakiwa kazini. Mabishano ya ada ni dharura ya aina gani hata yahitaji sare za vitani? Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hilo kabla ya kumuuliza habari za barabara.

Najua nitajibiwa kwa neno moja: Garissa. Ni jibu zito, wala silikwepi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika chuo kikuu kile cha Kenya, wengi wao wanafunzi, na mchana mzima ukapita kabla ya shambulio kukomeshwa. Siku kama hiyo twataka bunduki, tena zifike upesi. Lakini mwizi wa simu si gaidi, na mwanafunzi mwenye bango si mwizi. Askari aliyefunzwa kumwona kila kijana kama adui hatamsaidia binti anayetetemeka gizani. Yeye alihitaji taa njiani na mlinzi anayemjua kwa jina.

Juma lile nilibadili somo langu la kidato cha pili. Niliwaagiza wanafunzi waigize kwa Kiswahili mtu aliyeibiwa akifika kituo cha polisi. Mvulana aliyejitolea kuwa askari alivuta kiti, akakaa, akanyoosha shati lake. Mwenzake alipobisha hodi, nilitarajia kusikia "Karibu, keti." Yule mvulana akaruka, akapaaza sauti: "Lala chini!"

Darasa zima likacheka. Yule aliyebisha hodi alikuwa amekwisha kupiga magoti.