Sato wa Vagaru

Wiki mbili kabla ya Krismasi nilimwekea Bibi karatasi mezani. Nilikuwa nimeichapisha Dar es Salaam, kwenye stationari iliyo jirani na chuo, kwa wino wa rangi kabisa. Juu niliandika MENYU. Chini yake: sangara wa kuoka kwa mtindi na manjano, michembe iliyorowekwa, ikamwagiwa ukwaju na giligilani, sambusa za dagaa, wali wa dengu, achari ya embe bichi. Kwenye mikahawa ya Masaki vitu kama hivi huitwa fyusheni, na sahani moja unailipia nusu gunia la mkaa.

Bibi akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Mume wangu," akasema (kwake mjukuu wa kiume ni mume mpaka aoe, na hata baada ya hapo), "hii ni ya kula au ya mtihani?"

Ilikuwa ya mtihani kidogo. Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na muhula ule nilikuwa nimeandika insha kuhusu chakula na Bahari ya Hindi: jinsi chapati, bajia, kachori na achari zilivyovuka maji pamoja na majina yake, na jinsi hata pesa na laki tulivyovipokea kutoka upande ule. Nilipata alama nzuri. Ukurasa wa tisa nilimtaja Bibi, bila jina, kama "mpishi wa Mirongo aliyejifunza mapishi ya Kigujarati kwa majirani zake."

Majirani. Insha nimeshaikabidhi, na ukurasa wa tisa haurekebishiki tena.

Kuanzia 1966 Bibi alikuwa akivuka Mto Mirongo kila alfajiri, mto ambao anaapa kwamba enzi hizo ulikuwa na maji ya kuogea, kwenda kufanya kazi katika nyumba moja ya mjini: duka chini, familia juu, roshani inatazama barabara. Watu wale hawakula nyama, samaki wala mayai. Kupika alipika mama mwenye nyumba mwenyewe. Bibi alimenya, alitwanga, aliosha, na alisimama pembeni akitazama. Mafuta yapate moto, haradali itupwe, ianze kurukaruka. Binzari nyembamba ifuate, kisha manjano, kisha sufuria ishuke upesi kabla manjano hayajaungua. Mama yule aliita kitu hicho vaghar. Bibi anaita vagaru, na nyumbani kwetu sote tunasema hivyo. Mpaka nafika chuo nilidhani ni Kisukuma.

"Na wewe ulikuwa unakula nini?" nilimuuliza.

"Kilichobaki. Uani."

Alikuwa na kikombe chake cha bati, kilikaa kwenye dirisha la nyuma. Hakuna mwingine aliyekigusa, na yeye hakugusa vikombe vyao isipokuwa wakati wa kuviosha.

Siku za malipo alipewa na haradali kidogo, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Chumbani kwao, upande huu wa mto, aliikaanga na kuimwagia juu ya sato. Usiku wa kwanza Babu, kibarua wa reli, alisema nyumba inanuka Uhindini. Usiku wa pili alifuta sufuria kwa ugali.

"Kule wasingemgusa yule sato," Bibi alisema. "Hata harufu ya samaki kwenye kanga yangu ilikuwa kesi."

Kwa hiyo chakula nilichotaka kukiandika "chenye asili ya India" hakikuwahi kuliwa na Mhindi yeyote wa nyumba ile. Kilizaliwa kwenye chumba kimoja hapa Mirongo, juu ya jiko la mkaa.

Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka uliofuata familia ile iliondoka. Mama mwenye nyumba alilia, akamwachia Bibi kikaango cha chuma, kile kile ambacho mpaka leo tunakaangia mayai.

"Wewe ulilia?"

"Nililia mshahara." Akanyamaza. "Alikuwa akiniita binti, yule mama." Kisha akaiona simu yangu pale karibu na bakuli la chumvi. "Inarekodi? Zima."

Nikazima. Akachukua kalamu yangu, akaishukia menyu. Sangara akakatwa: "Huyo ni wa viwandani, wa kupeleka Ulaya. Andika sato. Wafuate Mwaloni asubuhi, uangalie macho." Michembe ilimchekesha hadi akavua miwani; chakula cha kuvukia njaa leo kinamwagiwa ukwaju! Lakini hakuikata. Dagaa wakapita. Dengu akazitazama muda mrefu, akaweka alama ya kuuliza.

Tutakuwa watu kumi na wanne. Nilimuuliza atataka msaidizi saa ngapi jikoni.

"Msaidizi wa nani? Utapika wewe. Mimi nitakaa."

"Utakaa wapi?"

Akaonyesha kichwani pa meza, pale alipokuwa akikaa Babu. Halafu akanituma kabatini, nishushe vikombe vyenye maua ya dhahabu, vya harusi ya mama yangu, ambavyo sijawahi kuona vikitiwa chai. Vilikuwa sita.

"Kimoja kioshe sasa hivi," akasema. "Hivyo vitano mtagombania wenyewe."