Siku Nzima na Mwalimu Mmoja

Aliyezoea kumbi za mihadhara za Dar es Salaam akiingia darasani Bujumbura kwanza atashangazwa na ukimya. Simu hazionekani. Vichwa vimeinama, kalamu zinakimbia, na mwalimu anasoma kwa Kifaransa polepole, akitaja hata nukta na mkato. Ukichungulia kutoka mlangoni utaapa kwamba hili ndilo darasa sikivu kuliko yote Afrika Mashariki.

Mimi nilikaa ndani, katika chuo kimoja cha binafsi, somo la uchumi. Kijana wa pembeni yangu alikuwa na mwandiko wa kupendeza, pambizo zimepigwa rula. Aliandika sentensi moja mara mbili, neno kwa neno, wala hakushtuka. Mkono ulikuwa kazini; mwenyewe alikuwa mbali. Halafu mwalimu akataka kueleza mfumuko wa bei, akaingia Kirundi, akaanza habari ya bei ya maharage sokoni. Kalamu zikatua na vicheko vikazuka. Binti wa nyuma kabisa akauliza swali, tena gumu. Baada ya dakika chache Kifaransa kikarudi, na vichwa vikainama tena.

Wakati wa chai nikamuuliza kijana yule ameambulia nini. Akacheka. “Kaka, mimi nitasoma silabasi usiku wa kuamkia mtihani.” Silabasi kwao ni kitini cha somo.

Sikumlaumu. Kozi yao huenda kwa mkupuo: somo moja, mwalimu mmoja, asubuhi hadi alasiri, siku kadhaa mfululizo, kisha mtihani. Mwalimu ametoka mbali na ana haraka ya kurudi. Juu ya hayo kuna joto la ukingo wa Ziwa Tanganyika chini ya bati, na uhaba wa mafuta wa miaka hii ambao umewafanya wengi watembee kutoka mitaa ya Kamenge na Kinama kwa kukosa basi. Mtu amefika darasani keshachoka, halafu unamtaka asikilize mpaka saa tisa!

Dar pindi ni saa moja au mbili, kisha unahamia ukumbi mwingine. Huko usingizi una sura nyingine: slaidi inapigwa picha, desa, yaani nakala ya notisi, litazunguka WhatsApp jioni, basi kusikiliza kuna haja gani? Tunaipa simu lawama yote. Lakini pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kiswahili kinafundishwa kwa Kiswahili tangu idara yake ilipoanzishwa mwaka 1970, na wanafunzi wale wale, wenye simu zile zile, hubishana na mhadhiri hadi muda unawaishia. Mtanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anapewa Kiingereza. Mrundi huanza kwa Kirundi, kisha anapewa Kifaransa. Wote wawili hutumia nusu ya akili kuifukuzia lugha, na inayobaki haitoshi kulifukuzia somo. Kwa maoni yangu hilo linazidi simu kwa mbali.

Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, nilikipitia kwa haraka tu. Kampasi ya Mutanga iko mlimani, ziwa lote liko chini yako na milima ya Kongo ng’ambo. Ningesoma pale, ningefeli kwa kuangalia dirishani.

Lakini madarasa ya jioni ya Bujumbura ndiyo yaliyonivurugia hesabu. Wanaoingia ni watu wa kazi, wametoka ofisini, wengine bado na sare, na kwa haki wangekuwa wa kwanza kusinzia. Wapo waliosinzia, kweli. Lakini mama mmoja mwenye sare ya benki alimkatiza mwalimu katikati ya imla: mteja wake amekopa kununua mchele, bei imepanda, riba ni ile ile, sasa nani amepata hasara? Alichanganya Kifaransa, Kirundi na Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi katika swali moja. Mwalimu akaiweka silabasi mezani, akachukua chaki. Wakabishana mpaka saa mbili kasoro, na delege, kiongozi wa darasa, akalalamika kwamba ukurasa wa siku ile haujaisha.