Kambi Ndani ya Kambi: Siku Chache na Maskauti wa Dzaleka

Kwa msomaji aliyelelewa katika nyumba za askari, neno kambi si geni. Kambi ni mahali alipohamishiwa baba. Ni foleni ya bomba la maji, tarumbeta ya alfajiri, na jirani ambaye leo yupo na kesho amepewa uhamisho. Mtoto aliye skauti ana kambi yake nyingine, ya hema na moto, ambayo huihesabia siku tangu muhula unapoanza. Nilipofika Dzaleka, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, nililikuta neno hilohilo likibeba mzigo wa tatu. Mama mmoja mwenye asili ya Kivu alikuwa akimkunjia binti yake blanketi. "Papa," aliniambia, "siye ni watu wa kambi tangu huyu hajazaliwa. Sasa anaenda kambi gani tena?"

Sikuwa na jibu la haraka.

Dzaleka iko kama kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza, na waliofungwa humo wengi walikuwa watu waliodhaniwa kuipinga serikali. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi, yakikadiriwa kutosha watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na kisimani, hata mgeni wa kutoka Dodoma au Mombasa hahitaji mkalimani. Atapaswa tu kuzoea kuitwa papa.

Hapana budi msomaji aelewe jambo moja la sheria, maana bila hilo habari hii haina uzito. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo 1987, lakini iliweka masharti yake, mojawapo likihusu uhuru wa mkimbizi wa kwenda atakako. Mkazi wa Dzaleka hutoka kwa kibali. Kwa miaka mingi wengi waliishi na kufanya biashara mijini, mpaka Machi 2023 Serikali ilipoamuru warudi makazini, na Mei mwaka huohuo askari wakaanza kuitekeleza amri hiyo. Basi kuwapeleka watoto wa skauti Lilongwe kupiga hema si safari ya kununua mkate na kupanda gari. Ni safari ya orodha.

Skauti yenyewe ilianzishwa na askari. Baden-Powell alipiga kambi ya majaribio na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, na kaburi lake lipo Nyeri, Kenya, alikofariki mwaka 1941. Malawi, wakati wa chama kimoja, vijana walikuwa na jeshi lao la Young Pioneers, lililoundwa 1963 na kunyang'anywa silaha na jeshi la nchi Desemba 1993. Malawi iliingia katika umoja wa skauti wa dunia mwaka 2005 tu. Kwa hiyo wazee wengi wa Kimalawi hawakuwahi kuvaa skafu hiyo, ilhali huko Dzaleka utamkuta baba wa Kirundi au wa Kikongo aliyekula ahadi ya skauti utotoni kwao, na ndiye anayewafundisha watoto kufunga fundo.

Wenzetu wa Ulaya huiita kambi ya kiangazi kwa kuwa wakati huo kwao kuna joto. Likizo ndefu ya shule za Malawi huangukia Agosti, nacho ni kiangazi kweli, maana mvua hakuna, lakini usiku katika nyanda hizi za juu una baridi ya kung'ata. Mama anayemtayarisha mtoto ajue kwamba baridi ya hemani hutoka chini kuliko juu. Blanketi mbili zikiwapo, moja itandikwe chini, juu ya gunia au nyasi kavu. Nguo za kulalia ziwe kavu, si zile alizokimbilia mchana. Maji ya kunywa yachemshwe jioni yapate kupoa hadi asubuhi. Chakula hakitaki mbwembwe: unga wa mahindi, maharagwe yaliyolowekwa tangu asubuhi, na usipa, wale dagaa wa Ziwa Malawi, ambao huiva kabla kuni hazijaisha.

Tuliondoka asubuhi katika lori dogo, watoto wakiimba. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alipanda, akasoma majina, akahesabu vichwa. Orodha ilikuwa na majina 23. Watoto walikuwa 24. Akahesabu tena, polepole, kama mtu anayetumaini kuwa amekosea. Aliyezidi alikuwa yule binti wa blanketi. Aliandikishwa kundini baada ya orodha kupelekwa, na katika harakati za safari hakuna aliyekumbuka. Askari hakufoka. Alisema kwamba yeye naye ana watoto, na kwamba jina halipo. Nawaandikia watu wanaoijua kazi hiyo, sina haja ya kueleza zaidi. Kiongozi msaidizi akashuka naye kutafuta gari la kurudi. Binti hakulia mbele yetu. Alimwachia mwenzake kamba aliyokuwa akijifunzia mafundo, akashika blanketi lake kifuani.

Lori liliingia Lilongwe kimya.

Mji huu umekuwa makao makuu tangu 1975, ulipochukua nafasi ya Zomba, na hadi leo una nafasi kubwa za miti kati ya mtaa na mtaa. Tulipiga hema katika uwanja wa shule pamoja na maskauti wa mjini, kesho yake tukatembelea hifadhi ya Lilongwe Wildlife Centre, kando ya mto Lingadzi, wanakotunzwa wanyama waliookolewa mikononi mwa watu. Jambo lililonishangaza ni hili. Katika kazi za kambi, watoto wa Dzaleka hawakuwa na la kujifunza. Kubeba maji bila kumwaga, kukaza turubai, kuivisha sufuria kwa vijiti vichache, hayo ni maisha yao. Huko kwao kuni ni za kuhesabu, na miti ya jirani imekwisha kwa shoka za wenyeji na wageni pamoja. Watoto wa mjini walirundika kuni kama za harusi, wakapata moshi. Lakini chini ya miti ya hifadhi mvulana mmoja wa Dzaleka aliniuliza tunakwenda kufanya nini huko mbele. Nikamwambia hatuendi kufanya lolote, tunatembea tu. Alicheka, akatangulia.

Viongozi waliporudi waliamua kambi ya pili ifanyike Dzaleka penyewe, katika uwanja wa shule, na kila familia ikaribishwe. Wapo watakaosema hiyo si kambi, kwa kuwa nyumba ziko hatua mia tatu. Mimi naona ndiyo iliyokuwa bora. Akina baba walishindana kukaza kamba za hema, wakashindwa na watoto wao. Bibi mmoja alihukumu mapishi bila huruma. Na moto, ambao ulikuwa mdogo, ulikabidhiwa yule binti aliyeteremshwa njiani.

Usiku baridi iliposhuka, akina mama walianza kuwabeba wadogo kurudi nyumbani. Mama yake alimfuata akamwambia twende, kitanda kiko pale. Binti alijibu kwamba yeye yuko kambini, akaingia hemani na blanketi lake, akafunga mlango kwa fundo.