Theluji ya Brussels na Tope la Walikale

Kila mwaka Noeli ikaribiapo, kadi za salamu hupita mikononi mwa watoto wetu, na juu yake zimechorwa nyumba zilizofunikwa na theluji. Ndipo wanafunzi hutuuliza: "Mwalimu, mbona kwetu haianguki?" Swali ni jema. Tutalijibu kwa kupanda milima ya Masisi na kisha kuteremka hadi msitu wa Walikale, maana huko tutaona kwamba Noeli yetu nayo ina majira yanayowafungia wasafiri njia.

Masisi ni nchi ya juu. Malisho yake ya kijani, ng'ombe wake na jibini yake vimewafanya wageni wengi waifananishe na Uswisi. Usiku baridi ni kali, watu huota moto, na mvua ya mawe huweza kuyafanya mashamba ya maharagwe kuwa meupe kwa nusu saa. Lakini hiyo si theluji. Theluji yataka mahali pa juu zaidi. Karisimbi, mlima wenye mita 4,507 mpakani mwa Kongo na Rwanda, siku nyingine huonekana mweupe kileleni; ndiyo sababu ukapewa jina la simbi, kombe jeupe la baharini. Kwa barafu ya kudumu, yatupasa kwenda Ruwenzori, wenye mita 5,109. Hata huko inatoweka: mwaka 1906 ilienea kilomita za mraba 6 na nusu hivi, na mwaka 2003 haikutimia hata moja.

Huko Ulaya theluji si pambo tu. Desemba 2010 ilianguka kwa wingi hata kiwanja cha ndege cha Heathrow, mjini London, kikafungwa tarehe 18. Siku mbili baadaye kiwanja cha Brussels kilitangaza kwamba ndege haziwezi kuondoka, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha barafu ilikuwa imekwisha. Pengine msomaji atastaajabu: je, chombo chenye nguvu namna ile huzuiwa na barafu nyembamba? Naam. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa utaratibu. Barafu kidogo huukwaruza ule ulaini wa bawa, hewa hupotea njia, na ndege hukosa nguvu ya kupaa. Kwa hiyo mabawa hunyunyiziwa dawa kwanza. Isipokuwapo dawa, hapana safari. Na watu waliotaka kula Noeli na jamaa zao walilala sakafuni, vichwa juu ya masanduku.

Sasa tuteremke. Kutoka Masisi njia huacha malisho na kuingia msituni, ikielekea upande wa mto Lowa, na baridi hugeuka kuwa joto. Walikale ina kilomita za mraba 23,475. Ni kubwa karibu mara tano kuliko Masisi, wala haipungukiwi sana na nchi nzima ya Rwanda. Huko mvua huzidi tangu Septemba hata Desemba, yaani hasa wakati wanafunzi wanapojiandaa kurudi nyumbani. Mvuke wa msitu hupanda, hukutana na ubaridi wa milima, nao hugeuka ukungu unaofunika migongo ya Masisi. Chini yake barabara inakuwa tope. Lori likizama, hulala hapo siku nyingi, na yale yanayofuata hulala nyuma yake.

Barabara ilipokufa, watu walitafuta njia ya angani. Huko Kilambo, kipande cha barabara yenyewe kiligeuzwa kiwanja. Ndege ndogo ilipokaribia, wapita njia walisogea pembeni, ikatua palepale walipokuwa wakitembea. Iliyoivuta ni kasiteriti, jiwe la bati, iliyochimbwa Bisie na kutolewa msituni kwa vichwa na migongo ya wapagazi, mizigo ya kilo 50 hivi. Ndege iliondoka na mawe kwenda Goma, ikarudi na chumvi, sabuni, nguo na vinywaji.

Tazameni basi jambo la ajabu. Mwaka uleule wa 2010, mwezi wa Septemba, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu mbili na Maniema. Ndege zilipokosa mzigo wa kwenda nao, zikakosa pia sababu ya kuja. Bidhaa zikaadimika Walikale, na bei zikapanda. Amri iliondolewa Machi 2011 tu. Hivyo Noeli ile Brussels ilikosa ndege kwa theluji, na Walikale ikazikosa kwa amri. Lakini msafiri wa Brussels alikuwa na reli na barabara nzuri. Kukawia kwake kulikuwa kwa siku chache. Mama wa Walikale alikawia kupata chumvi kwa miezi.

Wala Goma yenyewe si nguzo isiyotikisika. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulimeza sehemu ya njia ya ndege, na Januari 2025 vita vikakifunga kiwanja. Anayetegemea njia moja, siku ikizibwa hana pa kupita.

Ndiyo maana twasema kwamba ndege ya Walikale haikuwa anasa, bali gongo la nchi yenye mguu uliovunjika. Na mguu huo ni barabara. Hatuwezi kuzuia mvua, kama vile wa Ulaya wasivyoweza kuzuia theluji. Lakini maji huua barabara pale tu yanapokosa mahali pa kwenda. Zamani kila mfanyakazi alipewa kipande chake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha mfereji. Vita na malori mazito havishindwi kwa jembe, twajua. Hayo ni deni la wakubwa. Ila pale penye amani, salongo ya Jumamosi moja mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, yaweza kuokoa kilima kimoja. Na mara nyingi ni kilima kimoja tu kinachomzuia mtoto asifike kwao usiku wa Noeli.